Neno "Andika" na Ghala la Kati: Historia ya Njia ya Moja kwa Moja baina ya Programu na Diski

Katika Kiswahili neno andika lina kazi nyingi kuliko ile ya kalamu na karatasi. Karani huandika barua, mwenye nyumba huandika meza, na mwajiri huandika watu kazi. Maana hizi tatu hukutana mahali pamoja: kitu kimewekwa panapostahili, kwa taratibu, na yeyote ajaye baadaye atakikuta. Kwa hiyo mtu asemapo, "Nimeandika," msikilizaji hana haja ya kuuliza tena. Kitenzi kimekwisha kutoa ahadi, na kiambishi -me- kimeitia muhuri.

Makala haya yanafuata safari ya neno hilo ndani ya kompyuta tangu miaka ya 1960 hadi leo. Neno lililotumika huko lilikuwa la Kiingereza, lakini ahadi yake ni ile ile, na mashine ilizoezwa kujibu "nimeandika" kabla ya kitu kuandikwa. Watu ambao kazi yao haikuweza kulivumilia jambo hilo walidai njia nyingine, iendayo moja kwa moja baina ya programu na diski. Jinsi njia hiyo ilivyobuniwa, na jinsi maneno yake yalivyozaa matatizo mapya, ndiyo historia tunayokusudia kuieleza. Ingawa ni historia ya mashine, shina lake ni swali ambalo kila mwanafunzi wa lugha analifahamu: neno likipita baina ya wawili, ni nani abebaye wajibu wa maana yake?

Maneno yatakayotumika

Yafaa kwanza tueleze maneno machache. Kumbukumbu ya kompyuta hufanya kazi kwa haraka, lakini umeme ukikatika husahau yote iliyokuwa nayo. Diski ni ya polepole, lakini haisahau. Baina ya hizo mbili yupo msimamizi, yaani mfumo endeshi, na sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo huitwa kiini. Programu ya mtumiaji hairuhusiwi kuigusa diski kwa mkono wake. Hupeleka ombi kwa kiini. Ombi hilo tutaliita mwito. Miito yote, pamoja na masharti yake na majibu yake, ndiyo kiolesura: uso ambao kiini huuonyesha kwa programu, na nyuma ya uso huo programu haioni kitu. Basi mwenye kubuni kiolesura hutunga mkataba. Huchagua maneno, huamua kila neno litaahidi nini, na huamua pia ni mambo gani yatakayonyamaziwa.

Neno la mwisho ni ghala la kati. Kwa kuwa diski ni ya polepole, kiini hutenga sehemu ya kumbukumbu na kuweka humo nakala za mafungu ya diski yaliyosomwa karibuni, au yanayosubiri kupelekwa. Programu ikiomba kusoma, kiini hutazama ghalani kwanza. Ikiomba kuandika, kiini hunakili baiti zake ghalani, hujibu kwamba kazi imekwisha, kisha huzipeleka diskini baadaye, kwa wakati unaokifaa. Faida yake ni kubwa. Faili lisomwalo mara mia huletwa kutoka diskini mara moja, na maandishi madogo madogo hukusanywa yakapelekwa pamoja. Watu wengi watumiao kompyuta hawajapata kujua kwamba ghala hilo lipo, nao wameishi nalo kwa amani.

Diski kabla ya Unix

Diski ya kwanza kuuzwa pamoja na kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, katika mtambo ulioitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja ziliweza kushika herufi milioni 5. Mkono wa kusomea ulihitaji nusu sekunde au zaidi kufika mahali palipotakiwa. Hata katika siku zile muda huo ulikuwa mrefu mno ukilinganishwa na kasi ya hesabu za mashine, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa haja ya ghala la kati.

IBM ilipotangaza kompyuta za System/360 mwezi wa Aprili mwaka 1964, mfumo endeshi uliokusudiwa kuziongoza, yaani OS/360, ulimpa mtunga programu njia za namna mbili. Kwa namna ya kwanza, mfumo ndio uliosimamia mafungu na maghala yake, na mtunga programu alipokea au alitoa rekodi moja baada ya moja pasipo kujua yaliyo nyuma. Kwa namna ya pili aliomba fungu zima, akaendelea na shughuli zake, kisha ilimpasa kutoa amri nyingine ya kuhakikisha kama ombi lake limetimizwa. Namna hii ya pili ilikuwa nzito, na makosa yake yalikuwa mengi. Lakini ilikuwa na unyofu mmoja ambao yafaa tuukumbuke: kuomba na kutimiziwa yalikuwa mambo mawili, na kila moja lilikuwa na neno lake.

Unix na neno moja

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Maabara hiyo ilikuwa imejitoa mwaka huo huo katika mradi mkubwa wa Multics, na waasisi hawa walitaka kitu chepesi kuliko kile walichokiacha. Makala yao yaliyotoka katika jarida la Communications of the ACM mwezi wa Julai mwaka 1974 yaliutambulisha mfumo wao kwa ulimwengu. Faili, kwa maelezo yao, ni mstari wa baiti tu. Halina rekodi wala mafungu yanayoonekana. Miito ya kulitumia ilikuwa michache: kufungua, kusoma, kuandika, kusogea, kufunga. Mtumiaji aliweza kuandika baiti moja au elfu tatu, kuanzia mahali popote. Kiini ndicho kilichojua kwamba mafungu ya diski ni ya baiti 512, nacho hakikumsumbua mtu kwa habari hiyo.

Uzuri wa kiolesura hiki haukanushiki. Mifumo mingi iliyofuata ilikiiga, na mtunga programu wa leo bado hutumia miito ile ile. Lakini tukiisoma ahadi yenyewe kwa makini tunaona jambo. Waandishi walisema kwamba kwa mtumiaji kusoma na kuandika huonekana kana kwamba hakuna ghala la kati. Mwito wa kuandika ukirudi, mtumiaji anaweza kuitumia tena sehemu ile ya kumbukumbu kwa kazi nyingine. Hivyo ndivyo ilivyoahidiwa, wala hapakuahidiwa zaidi ya hapo. Ni ahadi ya mtu aliyepokea mzigo mlangoni, nayo ni ndogo kuliko ahadi ya mtu aliyeufikisha. Jibu la kweli la kiini lilikuwa "nimepokea", neno lililosikika lilikuwa "nimeandika."

Thompson mwenyewe hakulificha jambo hili. Katika makala ya mwaka 1978 juu ya muundo wa ndani wa Unix alizitaja kasoro tatu za ghala la kati. Kwanza, kwa kuwa diski huandikwa baadaye, kosa likitokea ni vigumu mno kumwarifu mwenye ombi kwa namna itakayomfaa. Amekwisha kuondoka na jibu lake. Pili, mtambo ukisimama ghafula, karibu kila mara yatakuwapo maandishi ambayo kwa hesabu ya programu yamekwisha, na kwa hesabu ya diski hayajakwisha. Tatu, utaratibu wa kuandika diskini waweza kutofautiana na ule ulioombwa na programu: la mwisho likaandikwa kwanza, na la kwanza likaandikwa mwisho. Ulikuwapo mwito wa kumwaga ghala zima, na ikawa desturi kuwa na programu ndogo iliyoutoa kila baada ya sekunde 30. Thompson alikiri kwamba dawa hiyo husaidia, lakini haiponyi.

Malalamiko ya wenye hifadhidata

Kasoro ya tatu yaweza kuonekana ndogo kwa mtu aandikaye barua. Kwa mtu atunzaye hesabu za watu ni kubwa kuliko zote. Tuchukue mfano. Mteja anahamisha shilingi 1,000 kutoka hesabu moja kwenda nyingine. Programu ya hifadhidata huandika kwanza, katika daftari la matukio, jambo inalokusudia kufanya. Ndipo hubadili hesabu zenyewe. Umeme ukikatika katikati, daftari litasomwa, na kilichobaki kitatimizwa au kitafutwa. Kanuni hii inategemea sharti moja tu, kwamba daftari litangulie. Ghala la kati likipeleka hesabu mpya kwanza na daftari baadaye, na umeme ukakatika baina ya hayo mawili, fedha zitakuwa zimetoka upande mmoja bila kuingia upande wa pili, na hakuna maandishi yatakayoeleza kwa nini.

Mwezi wa Julai mwaka 1981 Michael Stonebraker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa hifadhidata iitwayo INGRES, alitoa makala yaliyoyakusanya malalamiko haya. Alisema kwamba mfumo endeshi humpa mwenye hifadhidata huduma zisizomfaa, kisha humlazimisha kuzilipia. Kuleta baiti 512 kutoka ghala la kati la Unix, katika mashine ya PDP-11/70, kuligharimu amri zaidi ya 5,000 za mashine. Kanuni ya ghala ya kulitupa fungu lililokaa muda mrefu bila kuguswa haikulingana na jinsi hifadhidata isomavyo. Tena hifadhidata ilihitaji uwezo wa kuamuru fungu fulani lipelekwe diskini kabla ya jingine, na kiolesura hakikuwa na neno la kusemea hivyo.

Kwa hakika Unix ulikuwa na mlango mwingine tangu zamani. Diski moja iliweza kuwa na majina mawili. Aliyelitumia jina la kwanza alipitia ghala la kati. Aliyelitumia la pili, lililojulikana kuwa jina la diski ghafi, alipeleka baiti zake moja kwa moja. Lakini aliyepita mlango huo aliziacha nyuma faida zote za mafaili. Hapakuwa na majina, wala ruhusa za wasomaji, wala hesabu ya nafasi iliyobaki. Palikuwa na mafungu tu yaliyopangwa kwa nambari. Ilimbidi mwenye hifadhidata ajenge mwenyewe kila kitu ambacho mfumo wa mafaili ulikuwa umekwisha kukijenga. Wengi walikubali gharama hiyo, jambo linaloonyesha jinsi haja yao ilivyokuwa kubwa.

Mwaka 1983 toleo la 4.2 la Unix wa Berkeley lilileta mwito uitwao fsync, ambao husubiri mpaka maandishi ya faili moja yapelekwe diskini, ndipo hujibu. Kwa mwito huo kuandika na kuthibitisha vilirudi kuwa maneno mawili, kama vilivyokuwa katika namna ya pili ya OS/360. Hata hivyo gharama ya kunakili haikuondoka, wala uamuzi wa nini kikae ghalani haukuwa wa mtumiaji.

Sharti, na shauri

Katika miaka ya 1990 kampuni kadhaa zilitafuta njia ya kuvipata vyote viwili: mafaili yenye majina na ruhusa, na njia isiyopita ghalani. Majibu yao yalitofautiana katika mkabala wa maneno.

Katika mfumo wa IRIX wa kampuni ya Silicon Graphics, mtumiaji aliongeza alama moja, O_DIRECT, wakati wa kufungua faili. Baada ya hapo miito ilibaki ile ile ya kusoma na kuandika, lakini tabia yake iligeuka: baiti zilisafiri baina ya diski na kumbukumbu ya programu yenyewe bila kunakiliwa ghalani. Watungaji wa mfumo wa mafaili wa XFS, walioueleza katika makala ya mwaka 1996, waliisifu njia hii kwa mafaili makubwa sana. Walieleza pia kwamba waandishi wengi waliruhusiwa kuliandika faili moja kwa pamoja, na kwamba kuzuia wasigongane mahali pamoja ulikuwa wajibu wa programu, si wa kiini.

Njia hiyo ilikuwa na masharti. Anwani ya kumbukumbu, mahali pa kuanzia ndani ya faili, na urefu wa maandishi, vyote vitatu vilipaswa kuangukia penye mipaka iliyowekwa. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Diski hupokea mafungu kamili. Zamani programu ilipotaka kubadili baiti 100, kiini kilileta fungu zima ghalani, kikabadili zile 100, kikalirudisha zima. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo akiondolewa, kazi haiondoki. Humrudia mwenye ombi. Watu wa IRIX walilitambua hilo, wakaweka mwito wa kuuliza. Programu iliuliza, "Kwa faili hili, masharti ni yapi?" nayo ikajibiwa kwa tarakimu tatu: mpaka wa anwani ya kumbukumbu, kipimo cha chini kabisa cha maandishi, na kipimo cha juu kabisa. Naona swali hilo dogo lilikuwa sehemu bora ya kiolesura chote.

Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, ilichukua mkabala wa sharti vilevile: faili lililofunguliwa kwa alama ya kukataa ghala lilidai mipaka ya mafungu. Solaris 2.6, iliyotoka mwaka 1997, ilifuata mkabala wa pili. Mwito wake, directio, ulitoa shauri. Programu iliueleza mfumo wa mafaili kwamba ingependa njia ya moja kwa moja. Ombi lililotimiza masharti lilipita njia hiyo, na lisilotimiza lilipitishwa ghalani kama kawaida. FreeBSD, katika matoleo yake ya 4, ilichukua jina lile lile la O_DIRECT, lakini bila masharti ya mipaka.

Hapa msomaji wa lugha ataona jambo analolijua. Sharti na shauri ni semi za namna mbili, na kila moja ina hatari yake. Sharti likivunjwa kazi hukataliwa, na mwenye ombi hukwama. Lakini angalau anajua. Shauri halimkwamishi mtu, lakini aliyelitoa hawezi kujua kama limefuatwa. Kuchagua baina yao si kosa. Kosa ni kutumia neno moja kwa yote mawili, nalo ndilo lililotokea baadaye.

O_DIRECT katika Linux

Linux ilipokea alama ya O_DIRECT katika toleo la 2.4.10, mwezi wa Septemba mwaka 2001. Kabla ya hapo kiini cha Linux kilipoipokea alama hiyo kiliipuuza bila kusema neno. Programu iliomba njia ya moja kwa moja, ikafunguliwa faili, ikaendelea kwa imani, na baiti zake zote zilipita ghalani. Katika matoleo ya 2.4 mipaka iliyodaiwa ilikuwa ya fungu la mfumo wa mafaili. Tangu toleo la 2.6, lililotoka mwezi wa Desemba mwaka 2003, mipaka ya fungu la diski ilitosha, na fungu hilo kwa kawaida lilikuwa la baiti 512. Watunga programu wengi wakaiandika tarakimu 512 ndani ya kazi zao kana kwamba ni sheria ya maumbile. Baada ya mwaka 2010 zikaenea diski zenye mafungu ya baiti 4096, na programu zilizokuwa sahihi jana zikaanza kukataliwa. Jibu lililorudi lilikuwa lile lile kwa makosa ya namna nyingi: hoja si sahihi. Hoja ipi, na mpaka wake ni upi, kiini hakikusema.

Mifumo ya mafaili nayo haikukubaliana. Baadhi ilikataa kufungua faili kwa alama hiyo. Baadhi ilikubali, kisha ombi lisilotimiza masharti likapitishwa ghalani kimya kimya. Neno lililoanza kuwa sharti likawa shauri mahali pengine, na mtumiaji hakuwa na njia ya kujua amesimama wapi. Zaidi ya hayo, kama programu moja ilifungua faili kwa njia ya ghala, na nyingine ikalifungua faili lilo hilo kwa njia ya moja kwa moja, ziliweza kuwapo nakala mbili zisizolingana. Ushauri uliotolewa kwa watunga programu ulikuwa kwamba wasizichanganye njia hizo.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliikosoa alama hii hadharani kwa maneno makali, na kwa miaka mingi ukosoaji wake ulichapwa ndani ya ukurasa rasmi wa maelezo ya mwito wa kufungua faili. Hoja yake ilikuwa kwamba kiolesura chenyewe kimebuniwa vibaya. Kwamba ghala la kati lina kazi yake, na njia bora ni programu kulipa ghala hilo mashauri yafaayo. Wenye hifadhidata walijibu kwa vitendo: waliendelea kuitumia, kwa sababu haja iliyoelezwa mwaka 1981 ilikuwapo bado. Pande zote mbili zilikuwa na haki kwa kiasi chake. Haja ilikuwa ya kweli, na neno la kuielezea lilikuwa bovu.

Mambo matatu katika alama moja

Ubovu wa neno hilo ulikuwa nini? Kwa maoni yetu, ni kwamba watu walisikia ndani yake mambo matatu yasiyofungamana. La kwanza ni kutoweka nakala ghalani. La pili ni kutonakili, yaani diski ipokee baiti kutoka kumbukumbu ya programu yenyewe. La tatu ni kuthibitisha: mwito ukirudi, maandishi yawe yamekwisha kuwa salama. Alama ya O_DIRECT ililenga mawili ya kwanza. La tatu haikuliahidi, lakini jina lake lilimfanya mtu alitegemee. Kitu kikienda moja kwa moja, nani atauliza kama kimefika?

Ukweli ni kwamba chaweza kutofika. Diski yenyewe ina kumbukumbu ndogo ya ndani, ambayo hupokea baiti na kujibu kabla ya kuziweka mahali pake pa kudumu. Tena faili likiongezeka urefu, habari za urefu huo na za mafungu mapya huandikwa kando, na bila hizo maandishi hayapatikani hata kama yapo. Kwa hiyo aliyechukua njia ya moja kwa moja bado anahitaji fsync, au alama nyingine ya kudai uthibitisho. Ghala moja limeepukwa, na nyuma yake lipo jingine.

Kosa lililosubiri miaka arobaini

Mwaka 2018 watunzaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua jambo lililowashtua. Walikuwa wakipitisha maandishi yao katika ghala la kati, kisha wakiita fsync kwa uthibitisho. Fsync ikishindwa, waliirudia baadaye, na ikijibu vema walitulia. Ikabainika kwamba katika Linux fungu lililoshindwa kupelekwa diskini liliweza kuhesabiwa kuwa safi baada ya kosa kutolewa habari mara moja. Fsync ya pili haikukuta kitu cha kupeleka, ikajibu kwamba yote ni salama. Na maandishi yalikuwa yamepotea. Kuanzia mwezi wa Februari mwaka 2019 matoleo ya hifadhidata hiyo yaliyorekebishwa husimama mara moja fsync inaposhindwa, na kuanza upya kwa kulisoma daftari la matukio.

Hili ndilo jambo la kwanza kati ya yale matatu ya Thompson: kosa lisilomfikia mwenye ombi. Lilikuwa limeandikwa wazi tangu mwaka 1978. Tena yafaa tukumbuke nasaba ya hifadhidata yenyewe. PostgreSQL imetokana na POSTGRES, mradi ulioanzishwa Berkeley mwaka 1986 na Stonebraker huyo huyo, kama mrithi wa INGRES. Mzao wa malalamiko ya mwaka 1981 aliishi miongo mitatu ndani ya ghala la kati. Katika toleo lake la 16, mwezi wa Septemba mwaka 2023, njia ya moja kwa moja iliingizwa humo kama jambo la kujaribiwa na wajenzi tu.

Na lile swali dogo la IRIX? Katika Linux, XFS iliyohamia huko ilikuwa na namna yake yenyewe ya kuulizwa, lakini mifumo mingine iliachwa ibahatishwe. Mwito wa kawaida wa kuuliza masharti ya faili lolote uliingia katika toleo la 6.1, mwezi wa Desemba mwaka 2022, miaka 21 baada ya alama yenyewe. Kwa muda huo wote mkataba ulikuwapo, na mmoja wa wenye mkataba hakuwa na njia ya kuyasoma masharti yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba ghala la kati halikuwa kosa, wala njia ya moja kwa moja haikuwa tiba ya yote. Ghala liliwafaa wengi, na njia iliwafaa wachache wenye haja maalumu. Hasara ilitoka pengine: katika neno lililoahidi zaidi ya mwenye kulitamka alivyokusudia, na katika masharti yaliyodaiwa bila kutajwa. Kiolesura chema, kwa ushahidi wa historia hii, ni kile kinachotenga kupokea na kuthibitisha, kinachotenga sharti na shauri, na kinachojibu kinapoulizwa kinataka nini.

Jambo hili linatuhusu sisi tutungao istilahi za Kiswahili. Katika programu zilizotafsiriwa, mtumiaji huambiwa abonyeze neno Hifadhi ili kazi yake isipotee. Neno hilo lina nguvu kuliko andika. Kuhifadhi ni kulinda. Aliyehifadhi amechukua dhamana. Lakini nyuma ya neno hilo, mara nyingi, upo ule ule mwito wa kuandika, na nyuma yake lipo ghala la kati, na jibu lirudilo ni "nimepokea." Hatusemi neno libadilishwe, limekwisha kuzoeleka, na siku nyingi huwa kweli. Twasema tu kwamba ahadi ni deni, na kwamba mtunga istilahi hukopa kwa niaba ya mashine asiyoijenga. Basi kabla ya kulichagua neno, yampasa awaulize walioijenga mashine: jibu hili litokapo, ni kitu gani hasa kimekwisha kufanyika?